Pua Iliyotoka kwenye Paji la Uso

Nzi alitua puani, Swaumu akapunga mkono juu ya nyusi. Ndiko alikomhisi. Tangu arudi kijijini Salale na pua mpya hakujua tena kipi ni kipi usoni pake, na kusema kweli, nani angejua?

Saratani ilikuwa imemla pua. Madaktari wa Dar wakachuna kipande cha ngozi kwenye paji la uso, wakakigeuza chini na kukishona penye tundu. Lakini hawakukitenga na kwao: kikonyo cha nyama kiliachwa kikining'inia kutoka kati ya nyusi hadi puani. Rudi baada ya wiki tatu tukikate, walimwambia. Sababu walimweleza, tena kwa upole, ila siku hiyo masikio yake yalijaa woga.

Siku ya kumi na mbili kikonyo kikaanza kunuka. Shangazi yake, Bi Mwanabaraka, aliyezalisha nusu ya Salale kabla ya zahanati kujengwa, alikitazama akasonya.

“Hiki kitovu, mwanangu. Mtoto keshazaliwa, hao wamesahau kukata. Ukikiacha kitaoza, kiondoke na pua yako.”

“Daktari kasema wiki tatu, shangazi.”

“Kitovu wiki tatu? Umeona wapi?”

Swaumu hakuona popote. Daktari kasoma, shangazi naye kakata vitovu visivyo idadi. Boti ya kumvusha hadi barabara ya Kibiti, aende Dar, haikuwepo mpaka kesho, na simu ya hospitali iliita tu. Aliogopa kubaki na tundu usoni mara ya pili, na hakujua litaletwa na kukata au na kuacha.

“Haya, kata,” alisema, akalia.

Bi Mwanabaraka akachemsha wembe mpya, akatayarisha uzi. Halafu, kama alivyozoea kwa kila mzazi, akakishika kikonyo kwa vidole viwili, akatulia. Akashika tena. Wembe akauweka chini.

“Kinapiga.”

“Nini kinapiga?”

“Damu. Kitovu kinachopiga hakikatwi, mwanangu. Hii pua bado inanyonya.”

Swaumu alimkodolea macho. Dakika moja nyuma alikuwa na kitovu cha kukatwa, sasa ana mtoto anayenyonya usoni. “Kwa hiyo daktari yuko sahihi, au wewe?”

Shangazi aliuviringisha wembe kwenye kipande cha kanga, akamkabidhi.

“Ufiche,” alisema. “Na hizi siku tisa zilizobaki, hata mimi nikikuomba, usinipe.”