Ubao Mlangoni kwa Bergljot

Ragnfrid alipofika kwa shangazi yake Bergljot, kando ya ziwa, theluji ya majimaji ilikuwa inaanguka. Mlangoni, kwenye msumari, palining'inia ubao wa kale wa kunyooshea nguo, kishikio chake kimechongwa umbo la farasi. Akauonea huruma kwa kulowa. Akaingia nao, akaulaza juu ya meza ya jikoni.

"Shangazi, mchumba kaleta posa!" akatania.

Bergljot alikuwa akichonga vijiko mezani. Mikono yake ikaganda. "Nani kakutuma uuingize?"

"Si unalowa?"

"Miaka yote unalowa! Mama yako hakukufunza? Kijana anayeposa huutundika mlangoni. Binti asiyemtaka hauugusi. Akiuingiza, amekubali kuolewa."

Ragnfrid akacheka. "Na kijana mwenyewe ni nani?"

"Torgrim. Nilimwacha angoje, nikitaka anibembeleze kidogo. Akaja kufuata jibu kwa kukatiza ziwa, barafu ikapasuka. Hakupatikana. Tangu hapo, kila ziwa likikaribia kuganda, ubao wake huonekana tena mlangoni. Nami siugusi, naogopa."

"Basi naurudisha."

Lakini ubao haukubanduka mezani. Ulikuwa mzito kama gogo lililozama. Katikati yake palikuwa na duara tupu, mahali pa jina la bibi harusi. Mbele ya macho yao kipande chembamba cha mti kikajikunja kama kinachochongwa, kikaanguka. Kikafuata kingine. Harufu ya mti mbichi ikajaa jikoni. Kisu hakikuonekana, wala mkono.

Ragnfrid akaitambua herufi ya kwanza ya jina lake. Baridi ya maji ikampanda vifundoni, ingawa soksi zake zilikuwa kavu.

"Shangazi..."

"Sogea, mwanangu." Bergljot akakwangua ile herufi kwa kisu chake cha vijiko. "Torgrim! Mdaiwa wa jibu ni mimi. Mtoto wa watu mwache."

Akachonga jina lake mwenyewe mahali pake. Alipomaliza, ubao ukawa mwepesi. Akajifunga bizimu lake la fedha kifuani kama bibi harusi, akautia ubao kwapani.

"Unakwenda wapi? Ziwa halijaganda!"

"Najua. Lakini nimemngojesha vya kutosha."

Ragnfrid alitazama dirishani. Kila shangazi alipokanyaga, maji yaligeuka barafu nyeupe, yakambeba. Akishapita, yalifunguka tena nyuma yake. Katikati ya ziwa Bergljot aliinama, kama mtu anayeingia nyumba yenye mlango mfupi.

Kisha hakuonekana tena.

Ragnfrid akaisikia miguu yake ikipata joto. Mlangoni msumari ulikuwa mtupu.