Kuku ya Motivasio

Kwetu Butembo, mwalimu wa mutoto anakuomba motivasio, kitu kidogo ya kumutia moyo. Munganga wa sindano anakuomba motivasio. Mutu wa barrière, mwenye kufunga balabala na kamba, anaangaria kitunga yako, anacheka na meno yote, anasema: "Mama, na motivasio?" Ile neno, mimi niliijua mbele Orpa azaliwe. Sikusoma mingi, nilifika mwaka ya sita ya primaire, lakini ile neno hatuisomaka mu buku. Tunaisomaka mu mufuko.

Orpa ni mutoto wa mutoto wangu. Mama yake aliniachia yeye akiwa anatambaa bado, na ni mimi nilimulea. Ananiitaka Kaka, ni vile sisi Banande tunaitaka nyanya. Alimaliza masomo ya kilimo, akakala nyumbani na diplome yake mu nailoni, panya wasiifikie. Kisha siku moja koperative moja ya kakao ya Beni ikamuita aende kujibu maulizo ya kazi.

Akaanza kujizoeza mu kikoni, mbele ya masufuria.

"Kaka, fanya kama ni wewe madame mukubwa wa koperative. Niulize."

"Nikuulize nini?"

"Uniulize: motivasio yako ni nini?"

Nikaacha maharagi. "Batakuomba wazi wazi vile?"

"Lazima. Bote banaulizaka. Kama haujibu muzuri, kazi inaenda kwa mwingine."

"Na wewe utajibu na nini?"

"Nitasema ninapenda kakao, ninapenda kutumika na balimaji..."

Nikamusikilia huruma. Mutoto anasoma hii miaka yote, banamuomba motivasio, na yeye anataka kulipa na maneno! Asubui nikafunga kuku yangu ya madoadoa mu kitunga, nikaifunika na kitenge, nikamuambia Orpa ninamusindikiza, nitasalimia ndugu moja wa kanisa kule Mulekera, mu muji ya Beni.

Mu njia akanigeukia. "Kaka, ni nini inalia?"

"Ni tumbo yangu."

"Inalia kama kuku."

"Ni kuku nilikula juzi."

Akacheka mpaka dereva akageuka kutuangaria. Orpa anachekaka na maneno yangu hata yale ya bure. Mushike hii mu kichwa, juu kosa yangu yote iko ndani yake.

Ku koperative, kakao ilikuwa imelala mu masanduku ya mbao, harufu kali kama siki. Orpa akaingia ndani. Mimi nikabaki ku mulango mukubwa na zamu, mulinzi wa pale, kijana moja jina yake Sikuli. Na pale ku ukuta kulikuwa maandiko ya rangi nyekundu:

HAPA HATUPOKEE MATABISHI. MUTU AKILETA KITU, JINA YAKE INAFUTWA.

Nikasoma. Nikarudilia kusoma: matabishi njo ile motivasio, kwa jina ingine. Herufi zilikuwa kubwa kama masufuria.

Mpaka pale, mimi nilikuwa mama muzee mwenye kukosea, na kukosea hakumufungishe mutu. Nilikuwa naweza kufunika kuku yangu, niende nayo ku soko, kisha maneno inaisha. Lakini nikaangaria ile fasi: mabati mapya, bakazi na mabotte mu miguu, bamama banageuza kakao ku jua na banaimba. Nikajua, kama Orpa anajibu vile ninamujua, habatamuacha. Atabaki huku. Na mimi nitarudi Butembo na nani?

Nikatoa kuku, nikamupatia Sikuli.

"Peleka kwa madame. Sema ni motivasio ya Orpa."

"Kaka, haukuona ile maandiko?"

"Haya macho, mwanangu? Haya imebaki ya kufunga kwa kulala tu."

"Hii itaniletea maneno."

"Maneno itakuwa yangu. Enda mbio, itakuchafulia shati."

Kuku ikanisaidia, ikachafua. Sikuli akakimbia nayo.

Nikajisogeza chini ya dirisha. Nikasikia sauti ya Madame Adèle, mukubwa wa ile koperative: "Sasa tuambie, motivation yako ya kukuya kwetu ni nini?"

"Madame," Orpa akasema, sauti imesimama muzuri kabisa, "motivation yangu..."

Mulango ikafunguka.

"Madame," Sikuli akasema, "motivasio ya Orpa njo hii."

Kuku ikaruka ku meza. Nikasikia makaratasi inaanguka. Kisha Madame Adèle tena, pole pole:

"Mademoiselle, ulisoma ukuta ya ku mulango?"

"Nilisoma, madame."

"Basi."

Nikasikia kalamu inapita ku karatasi: jina inafutwa.

Orpa akatoka na kuku mu mikono. Akaangaria kitunga yangu yenye haina kitu, akaniangaria mimi.

"Kaka, ni wewe?"

"Si ulisema batakuomba motivasio?"

Akaanza kulia. Alilia kama batoto banalia, kinywa wazi, hapa balabalani, bamotard banapita na pikipiki zabo. Kisha mu katikati ya kulia, kicheko ikamushika. Akakala chini na kuku yake, analia, anacheka, anajipangusa na bawa ya kuku.

"Na maandiko, Kaka? Haukuiona?"

"Macho, mwanangu."

"Siyo kosa yako," akasema. "Ni kosa yangu. Nilikuzungumuzia Kifaransa."

Akasimama, akanishika mukono, akanivusha balabala kama mutu kipofu. Na mimi nikaacha anivushe. Hata nikatafuta njia na muguu, vile bipofu banafanyaka.

Ku Butembo hadisi ilifika mbele yetu. Mu kanisa bamama banacheka mpaka banashika benchi. "Mama wa motivasio, unashinda namna gani?" Mimi nacheka nabo. Nilipata kile nilitaka: mutoto eko mu nyumba, anasonga bugali, anacheka. Lakini akaanza na mambo ya macho. Akauzisha mabotte yake ya masomo, akanipeleka kwa munganga wa macho.

Munganga akanionyesha herufi ku ukuta. Niliziona zote. Niliona hata jina ya imprimerie yenye ilichapa ile karatasi, pale chini, yenye hata yeye munganga hajapata kuisoma. Nikasema: "Naona moshi." Akaniwekea miwani nzito. Nikasema: "Aaa, sasa!" Na ni pale njo moshi ilianza.

Nikatembea nayo. Nikasalimia mbuzi ya jirani kwa jina ya jirani. Nikatia chumvi mu chai, sukari mu mboga ya sombe. Kila magaribi Orpa ananikalisha ku kiti, ananipandisha kichwa, ananitia dawa ya matone mu macho, na anaipuliza pole pole isiniume. "Pole, Kaka," anasema. "Yatapona." Ile dawa ilikuwa baridi kama maji ya kisima, na mimi ilinichoma kama pilipili. Machozi ikatoka, Orpa akafurahi: ni dawa inatumika.

Siku moja nilikuwa mu chumba, yeye eko nyuma ya kikoni anapepeta maharagi. Nikamusikia anasema peke yake:

"Madame, motivation yangu..."

Akapepeta. Akaanza tena:

"Madame, motivation yangu..."

Akaishia palepale, fasi kwenye ile mulango ilifunguka. Mara nyingi vile. Hakufika mbele hata mara moja. Nikatoka kwa mulango ya mbele, nikaenda kukala ku choo, juu ni fasi moja tu ya lupango yetu, nyumba na uwanja, kwenye hakuna mutu atakuuliza kwa nini unalia.

Kesho yake nikamuambia Orpa ninaenda mu mukutano ya bamama wa kanisa. Nikapanda gari ya Beni, miwani mu mufuko.

Sikuli akaniona kwa mbali. "Kaka! Leo ni mbuzi?"

"Leo naleta kinywa tu. Ukuta inakataza kinywa?"

"Bado hatujaandika."

Madame Adèle alikuwa ku meza yake, anapasua mbegu za kakao na kisu, anaangaria ndani, anaweka huku nzuri, huku mbaya. Mama munene, mutulivu. Hakusimama.

"Mama wa kuku."

"Njo mimi."

"Kala. Unatafuta kazi?"

"Natafuta ya Orpa. Madame, yeye hakujua kitu. Kuku ilikuwa yangu."

"Na juu ya nini uliileta?"

Nikamuambia vile nilizani motivasio ni ile ya mwalimu na ya barrière. Akaweka kisu chini, akacheka, tumbo ikacheka nyuma yake. "Hii hadisi ilifika mpaka huku. Bon. Tutamuita tena mutoto wako. Hakuna ubaya."

Kazi yangu ilikuwa imeisha. Nilikuwa naweza kusimama, niseme aksanti, nitoke. Hata nilishika kitenge yangu nijifunge. Lakini yeye akashika kisu tena, akapasua mbegu ingine, na bila kuniangaria akauliza:

"Haukuweza kusoma ukuta?"

Jibu nilikuwa nayo mu mufuko: ile miwani, na vioo viwili vinene.

"Niliisoma," nikasema.

Kisu ikasimama.

"Uliisoma mbele ya kutoa kuku, ao nyuma?"

"Mbele. Mara mbili."

"Juu ya nini, sasa?"

"Madame, si unajua hii balabala yetu. Unajua batu wa pori, bale ba bunduki. Niko na mutoto mumoja tu. Niliogopa."

"Mimi niko na batoto huku," akasema. "Asubui banavaa uniforme, banaenda ku masomo, na mimi nakala hapa nasikiliza telefone. Woga, kila mutu eko nayo. Ile ni jibu ya bote. Nataka yako."

Inje bamama bale ba kakao banaimba. Sijawahi kukosa neno mu maisha yangu. Hata ku kilio ya bwana yangu nilichekesha batu. Pale nilitafuta neno ya kuchekesha, sikuipata.

"Akikuya huku," nikasema, "nani atacheka na maneno yangu? Nikisema kitu mu ile nyumba, ni ukuta itanisikia. Niliwaza hii, na nikatoa kuku. Sikuwaza juu yake hata kidogo. Niliwaza juu yangu."

Madame Adèle akaniangaria sana.

"Sasa njo umejibu," akasema. "Orpa akuye siku ya tatu, asubui. Lakini umuambie mbele. Yote, vile uliniambia mimi."

"Si ungemuambia wewe, madame? Wewe uko na Kifaransa."

"Hapana, mama."

Nikarudi. Orpa akanikalisha ku kiti kama kila siku, chupa ya dawa mu mukono. Nikatoa miwani. Nikamunyanganya chupa, nikaisogeza ku mwangaza, nikamusomea zile herufi ndogo kama mayai ya chawa: itikiswe mbele ya kutumia, iwekwe mbali na batoto, isipite mwezi moja ikiisha kufunguliwa.

Kifuniko ikabaki mu vidole vyake.

"Kaka, unaona."

"Naona. Niliona hata ile ukuta."

Nikamuambia yote. Sikuacha kitu, hata ile ya kutafuta njia na muguu.

"Hata vile nililia balabalani, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na mabotte yangu?"

Akachukua chupa mu mukono yangu, akaifunga muzuri, akaiweka ku kabati. Nikajaribu: "Hii miwani, tuipatie ile mbuzi. Pengine itanitambua." Hakucheka. Akaenda kuosha masufuria yenye ilikuwa imeoshwa.

Siku ya tatu akaenda peke yake. Aliniamusha kwa heshima, akaniachia chai mu termo, akasema: "Bakia salama, Kaka." Kazi akaipata siku ileile. Akabakia Mulekera, mu chumba ya kupanga, na mizigo yake akatuma motard aichukue.

Siku ya Yenga, ile ya kwenda kanisa, nyuma ya ibada, telefone ikalia.

"Kaka, umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula."

Tukasema juu ya mvua. Tukasema juu ya bei ya maharagi, na juu ya unités za telefone zenye koperative inabapatiaka. Tulizungumuza kama batu ba biro mbili mbalimbali. Mwisho nikashindwa kuvumilia.

"Madame alikuuliza tena ile ulizo?"

"Aliniuliza."

"Ukafika ku mwisho?"

"Nikafika."

"Ulijibu nini, mwanangu?"

Nikasikia kule nyuma yake pikipiki zinapita, na mutu anaita batoto bakuye kula.

"Nilisema ninapenda kakao, na kutumika na balimaji. Akasema ile ni jibu ya bote. Njo nikamuambia: natafuta kazi fasi kwenye hakuna mutu atajibu kwa jina yangu."

"Na bakakubali?"

"Bakakubali."

Nilikuwa na kitu ya kuchekesha, imefika mpaka ku meno. Nikaimeza.

"Ulijibu muzuri," nikasema.

Akasema unités ziko nakwisha. Hazikuwa nakwisha, koperative inabawekeaka unités kila siku ya Posho, ni kusema jana, yeye mwenyewe alikuwa ametoka kuniambia.

"Basi kata, mwanangu," nikasema. "Kata, zisikwishe."