Maneno ya Stelingi

"Mama Loyce, hivi mtu asiyekufa, mkewe akizeeka anamfanyaje?"

Jirani yangu Kudra aliniuliza hivyo akitoka kwenye video, miaka ile vibanda vya kuonyeshea mikanda vilipoanza kuota kila mtaa hapa Korogwe. Nikamjibu kwamba asiyekufa ni Mungu peke yake, nikaendelea kugeuza maandazi. Akacheka. "Basi kamuulize mumeo."

Mume wangu Filemoni alikuwa mkalimani kwenye kibanda cha Mbaruku. Mkanda ukiwa wa Kichina, yeye alisimama kando ya televisheni akawasemea watu wote, wanaume kwa wanawake. Kichina chenyewe hakukijua. Mimi ni mtu wa kanisa, nasali kwa sauti kila alfajiri, sikuwahi kukanyaga pale, na alipotaka kunisimulia nilimwambia ya video yaishie huko huko. Masika iliyofuata malaria ilimpanda kichwani, tukamzika kwao Bungu.

Ndipo nikaanza kutega sikio. Wanunuzi wangu wa maandazi kila siku walibishana juu ya mkanda mmoja wa mashujaa wasiokufa.

"Stelingi, yule shujaa mkuu, hafi ila kwa upanga alioufua mwenyewe," alisema Kaleb, fundi baiskeli.

"Mbona pale darajani alichomwa nao akainuka?" akauliza Leboo, anayeleta ng'ombe mnadani kutoka Handeni.

"Ule ulikuwa wa kaka yake! Hukuona kitambaa chekundu?"

"Mimi natembea na sime tangu utoto. Mtu akishika upanga vile, hata mbuzi hachinji."

Tukacheka. Ila ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya mke wa shujaa.

"Alimkimbia," Leboo alisema. "Mke kaota mvi, yeye bado kijana. Kaondoka kama mwizi."

"Alimuaga! Wewe umeuona kwa huyu mkalimani mpya, hajui kazi. Kwa Filemoni, pale mlangoni stelingi alisema maneno mpaka watu wazima wakalia."

Nikaacha kukanda unga. "Alisema maneno gani?"

Kaleb akainama. "Mambo ya video hayo, mama. Si ya kukuambia wewe."

Wiki nzima hamu ya kuyajua haikunitoka. Sauti ya mume wangu nilikuwa nimeanza kuisahau, na watu baki walikuwa na maneno yake ambayo mimi niliyakataa. Jumamosi mchana, mkanda ule ulipowekwa tena, nikamwomba Mungu anisamehe, nikajifunga kitenge, nikaenda.

Mbaruku akasimama. "Karibu shemeji," akanipa kiti cha mbele. Nikamwomba mkalimani asiseme kitu tukifika kwa yule mke. Kaleb na Leboo walikuwa benchi la nyuma, wanachokozana, wameshawekeana dau la soda.

Tukafika. Mwanamke ameketi, anachana mvi zake. Shujaa akafunga upanga kiunoni, akasimama mlangoni, akamtazama. Mdomo wake haukufunguka. Akaenda zake.

"Hajasema kitu!" Leboo akaruka. "Si nilikuambia? Kaleb, lete soda yangu!"

"Lakini Filemoni alisema," Kaleb akajibu, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Wote mlisikia."

Nikageuka. "Alisemaje, mwanangu? Niambie."

Kaleb akanitazama, kisha akatazama sakafu. "Alisema, 'Mke wangu, zeeka bila hofu. Hata nikirudi baada ya miaka mia, nitakutambua kwa sauti yako, alfajiri, ukimwombea kila mtu mpaka kuku, na mimi ukiniweka mwisho.'"

Yule mwanamke wa Kichina sikumwona akisali hata mara moja. Kuku alikuwa hana.

"Shemeji," Mbaruku akasema taratibu, "niurudishe mkanda?"

Nikatazama ile nafasi kando ya televisheni. Kisha nikakaza kitenge changu, nikapita katikati ya mabenchi, nikatoka kwenda kuwalisha kuku wangu.