Sikio la Baba Mkwe

Muuguzi wa afya kazini alishafundisha watu wengi kuvaa vizibo vya masikio, lakini siku alipotumwa kwenye kiwanda cha kupasua mbao alikofanya kazi baba mkwe wake, alihesabu vizibo mara mbili getini kabla ya kuingia.

Mzee ndiye aliyeendesha msumeno mkubwa. Alikuwa mtu wa heshima, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na televisheni yake iliwasomea majirani taarifa ya habari bila wao kuwasha za kwao.

Wafanyakazi walikaa juu ya magogo. Muuguzi akawaonyesha: unakiviringisha kizibo cha sponji kwa vidole mpaka kiwe chembamba, mkono wa pili unaupitisha juu ya kichwa na kulivuta sikio juu na nyuma kidogo ili njia inyooke, unakisukuma ndani, kisha unakishikilia mpaka kitanuke. Alipopita kukagua, wote walikuwa wamepatia isipokuwa mmoja. Vizibo vya mzee vilisimama mlangoni mwa masikio kama wageni waliokataa kukaribia.

"Baba, naona bado havijaingia," alisema kwa adabu.

Mzee akajibu kwamba masikio yake na msumeno yameshazoeana. Vizibo amevaa kwa kumheshimu mkwe tu. Akajaribu tena, kimoja kikachomoka na kuangukia kwenye unga wa mbao. Mtu wa nyuma akanong'ona habari za sikio la kufa na dawa, wenzake wakacheka. Muuguzi hakucheka. Alishamwona mwanawe akimwita babu yake mara kadhaa bila kuitikiwa.

Angekuwa mwingine, angemvuta sikio mwenyewe na kumsaidia. Lakini mkwe amvute baba mkwe sikio, tena hadharani? Akabaki ameinua mkono, hajui auweke wapi.

Ndipo mama mkwe, ambaye kazi yake pale ilikuwa kupanga mbao, akajipangusa mikono na kuja.

"Miaka yote nikikuita umetia pamba masikioni," alimwambia mumewe. "Leo kizibo ndio kinakushinda? Inama."

Mzee akainama. Sikio likavutwa kwa hamu zaidi kuliko ilivyofundishwa, kizibo kikazama. La pili likafuata.

Msumeno ulipowashwa, mzee alikunja uso, kisha uso ukakunjuka. Ngurumo ilikuwa imesogea mbali, kama imehamia kiwanda cha jirani. Akasema jambo, tena taratibu, maana sauti yake mwenyewe ilimvumia kichwani. Mama mkwe akamuuliza muuguzi kwa ishara kama vinaruhusiwa kuvaliwa na nyumbani pia.

Muuguzi aliporudi wiki iliyofuata kukagua, alimkuta mzee amemwinamia mkewe kando ya msumeno, anavalishwa. Wafanyakazi wengine walimdokeza muuguzi kwamba siku mama asipokuwepo, mzee hujivalisha mwenyewe bila kukosea hata kidogo. Muuguzi akaandika kwamba mafunzo yameeleweka, akapita.