Neno Lililofungia Tumbaku

Abiba binti Arero alikuwa na mdomo, na soko zima la Isiolo lilijua. Alikutania mpaka ukanunua tumbaku yake ya kutafuna hata kama hukuitaka. Lakini mwaka ule wa sitini na sita, vita vya Shifta vikiwa vimefunga barabara na kummalizia baba yake ngamia, mdomo huo ulimkauka mbele ya mtu mmoja tu, Mwalimu Jirma.

Yote yaliletwa na karatasi. Mzungu mmoja aliyehama aliuza kamusi ya Kiingereza, nzito kama mwanambuzi, Abiba akainunua ya kufungia tumbaku. Jirma aliponunua pakiti ya kwanza, alisimama papo hapo juani akakisoma kikaratasi kwa nje, bila kufungua fundo. Neno lilikuwa run. Akamweleza kwamba ni kukimbia, lakini haliishii hapo: mto ukitiririka, pua ikichuruzika mafua, leso ikichuja rangi, hata duka likiendeshwa, Mzungu huita yote run. Abiba akacheka. Wao miaka ile walijua kukimbia kwa aina moja tu, kukimbia bunduki.

Kesho yake Jirma akarudi kufuata kipande kingine, maana maelezo ya neno hilo yalijaza kurasa kadhaa. Na keshokutwa. Akamwambia neno hilo lina mama wawili, mmoja wa Waingereza, mwingine wa mabaharia wa kaskazini, na siku hizi hakuna anayejua nani alileta nini. Abiba akasema basi hilo ni neno la Isiolo kabisa, mji wa watu waliochanganyika.

Sasa, meno ya Jirma yalikuwa meupe pe. Yule hatafuni tumbaku! Abiba aliliona hilo, akafurahi kimoyomoyo, akaanza kukata karatasi ndogo zaidi ili neno lichelewe kuisha.

Liliisha tu. Kilipobaki kipande kimoja, hofu ikamshika: akishakisoma hiki, atarudi kufanya nini? Akakifungia tumbaku, akakificha chini ya mto wa kulalia, akamwambia Jirma tumbaku imekwisha. Jirma akalitazama gunia lililojaa nyuma yake, akatabasamu, akaenda zake.

Hakurudi siku tisa. Abiba alijilaumu mpaka chakula kikamshinda.

Siku ya kumi, asubuhi, Mzee Dida, baba mdogo wa Jirma, alifika kwa Mzee Arero na kifurushi. Siku zile tisa Jirma alikuwa ameenda mji wa Garba Tula kumchukua mzee huyo, kwa lori la msafara wenye askari. Kwa Waborana posa hutanguliwa na tumbaku. Baba wa msichana akiitafuna, amekubali, na ng'ombe watazungumzwa wakipatikana. Dida akafungua kifurushi. Zilikuwa pakiti za Abiba, bado zimefungwa kwa fundo lake, hakuna iliyofunguliwa.

“Imepungua moja,” Dida alisema. “Kijana anasema imo nyumba hii. Mwenyewe akipenda, ataileta.”

Mzee Arero akamtazama binti yake. Abiba akaingia ndani, moyo umejaa furaha, akatoka na pakiti ya mwisho akaiweka juu ya zile nyingine. Baba yake akaifungua hiyo hiyo, akatia tumbaku mdomoni, akatafuna polepole.

“Karatasi usitupe, baba,” Abiba alisema. “Hiyo sijasomewa.”