Kizimba cha Mashine ya Hewa

Huku kwetu Taveta kitu cha maana hakiachwi wazi. Mita ya maji iko ndani ya kizimba cha chuma, tivii iko ndani ya kizimba, hata pampu ya shamba inalala na kufuli. Wezi wametufunza adabu. Kwa hivyo mume wangu Harrison aliponunua mashine ya hali ya hewa ya boti yake ya watalii, ile inayopokea habari za mvua na upepo kutoka kwa setilaiti, mbio alienda kwa Elijah, fundi wa kuchomelea vyuma.

Elijah alimtengenezea kizimba safi cha antena ya mashine hiyo, na juu akapiga bati isinyeshewe. Nilimuuliza Harrison mbona kitu cha kutazama mbinguni kinaezekewa nyumba. Akaniambia nishughulike na ndizi zangu. Haya, nikashughulika.

Ziwa Jipe si la mchezo. Upepo ukishuka kutoka milima ya Upare, maji yanachafuka kabla hujageuza boti. Jumamosi ile alibeba wageni kutoka Voi, mtu na mkewe, wakaone viboko. Wingu lilikuwa limekaa juu ya Upare tangu asubuhi. Yule mwanamume akaomba warudi. Harrison akamwonyesha skrini: kweupe, jua tupu.

"Mimi siendeshi kwa macho siku hizi," akamwambia. "Naendesha kwa setilaiti."

Hayo nilisimuliwa na mgeni mwenyewe, akitetemeka ndani ya blanketi langu. Boti ilipopinduka, yeye na mkewe walikuwa wamevaa jaketi za kuelea. Harrison alikuwa amekalia yake.

Baadaye aliyetuuzia mashine alikuja kutoka Mombasa, akaikagua boti pale ilipovutwa ufuoni. Chini ya bati, akasema, antena haishiki kitu. Picha waliyoonyeshwa wageni ilikuwa ya siku Harrison alipoijaribu mashine uani kwetu, kabla ya kizimba. Jua la wiki mbili nyuma, jamani! Nilitaka kupiga mtu, nikakosa wa kumpiga.

Wapiga mbizi walitafuta, wakachoka, wakaenda zao. Mama mkwe hataki matanga.

"Umeona maiti, Loice?" ananiuliza. "Basi usimlilie mwanangu."

Mume sina, na mjane siitwi. Kila jioni ananiamuru nimpakulie Harrison chakula, nakiacha mezani kimefunikwa. Asubuhi nawamwagia kuku, naye anakaa mlangoni akiwatazama wakila.