Bi Harusi Anaonja Pilau

Wiki ya harusi yake, bi harusi wa Mabawa, Tanga, hatoki nje. Anakaa chumbani, anasingwa asubuhi na jioni, analishwa, na akichungulia dirishani ataulizwa anamtafuta nani. Mwanamkasi aliyajua hayo tangu utotoni. Hata hivyo, Jumanne ile mchana alikuwa ndani ya bajaji, amejifunika baibui na nikabu, amebanwa katikati ya mashoga zake wawili, wanakwenda Ngamiani kula pilau.

Wazo lilikuwa la Zuleha. Mawazo ya namna hii siku zote huwa ya Zuleha, na anayekuja kugombezwa huwa mwingine.

"Tusipoonja tutajuaje?" alisema. "Tunaingia hoteli hii, tunatoka, tunaingia ile. Tukimpata mpishi mwenye mkono, tunamwita kando. Shangazi yako tutamtafutia maneno baadaye."

Hayo maneno ya baadaye ndiyo yaliyomnyima Mwanamkasi usingizi. Shangazi yake, Bi Saleha, ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, yeye akiwa bado anatambaa. Na huyohuyo Bi Saleha ndiye aliyekuwa mpishi wa pilau wa Mabawa nzima. Watu wakisikia harusi, walikuwa wakiuliza kwanza nani anapika, ndipo waulize nani anaolewa. Tangu Mwanamkasi akiwa mtoto wa kukalia kinu, shangazi alikuwa akimwambia: "Yako nitaipika kwa mkono wangu. Hata nikiwa mgonjwa, mtanibeba na kitanda changu mnipeleke jikoni."

Kisha mwaka jana yakaja yale mafua mabaya. Bi Saleha akaugua, akapona, akarudi jikoni, lakini pilau yake haikurudi naye. Kwenye maulidi ya jirani ilikuwa chumvi tupu, watu wakanywa maji mpaka mtungi ukakauka. Kwenye hitma ya marehemu Mzee Sadalla haikuwa na chumvi hata ya kulambia, na karafuu zilijazwa mpaka midomo ya watu ikafa ganzi. Unadhani kuna aliyesema? Hakuna. "Mashaallah, Bi Saleha, mkono wako uleule!" Wakasifu, wakafunga zilizobaki kwenye mifuko, wakaenda kuwamwagia kuku. Mabawa mtu mzima haambiwi kwamba chakula chake kimeharibika. Anasifiwa, na msifu anatafuta maji.

Mwanamkasi naye alisifu. Alisifu huku akimeza kwa taabu, na kila aliposifu alijiona mwongo zaidi. Sasa harusi ilikuwa Ijumaa. Mchumba wake, Sabiri, alikuwa mtu wa Tongoni, na wanawake wa kwao wangekuja kwa wingi. Wanawake wale wana midomo. Wangekula, wangesema "mashaallah," kisha wangemcheka Bi Saleha njia nzima mpaka kwao. Mwanamkasi alilipima hilo huku na huku. Akimwachia shangazi yake jiko, atachekwa. Akimnyang'anya, atamvunja moyo.

Siku hiyo mlango ulikuwa wazi kwa sababu Bi Saleha mwenyewe alikuwa ameaga. Alisema anakwenda Pongwe kumjulia hali mgonjwa.

"Haya, hongereni," dereva wa bajaji alisema hata kabla hawajafika barabara ya lami. "Bi harusi ni yupi?"

Watatu wote wakavuta nikabu juu zaidi.

"Kaka, bi harusi gani?" Zuleha akajibu. "Sisi tunakwenda hospitali."

"Hospitali na singo hiyo?" Dereva akacheka mpaka usukani ukayumba.

Hapo ndipo walipogundua walichosahau. Walikuwa wamefunika uso, wamefunika mikono, wamevaa viatu vya kuazima. Singo hawakuifunika. Ule unga wa liwa, karafuu, asumini na marashi anaosuguliwa bi harusi mwili mzima hukaa katika ngozi siku nyingi, na mtu wa Tanga huujua akiwa ng'ambo ya barabara. Tena aliyemsinga Mwanamkasi alikuwa Bi Saleha, na wiki ile alimsinga kupita kiasi. Alikuwa akisugua, ananusa bega la Mwanamkasi, anasema, "Bado haijakolea," anaongeza. Jioni anaongeza tena. Chumba kizima kilikuwa kimelewa.

"Nilidhani ni mapenzi tu," Mwanamkasi alinong'ona.

"Ni mapenzi," Leticia alisema. "Lakini yananiumiza kichwa."

Leticia alikuwa Mlutheri, wazazi wake watu wa Lushoto walioshuka zamani kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Alikua ukuta kwa ukuta na Mwanamkasi, na Bi Saleha alimchapa na kumlisha sawasawa na wake. Kwa kuwa mji mzima ulijua yeye na Zuleha ndio wapambe wa bi harusi, wote watatu walivaa nikabu. Zuleha aliivaa kama mtu aliyezaliwa nayo. Leticia alijikwaa kwenye pindo la baibui mara ya kwanza akishuka kwenye bajaji, mara ya pili akipanda kizingiti cha hoteli, na mara ya tatu akiwa amekaa, jambo ambalo mpaka leo hakuna aliyeweza kulieleza.

Hoteli ya kwanza pilau ilielea katika mafuta. Kabla hawajaimaliza, mpishi alitoka jikoni akifuta mikono, akasimama mbele ya meza yao. "Harufu imenifuata mpaka jikoni. Hongera, bi harusi!" Akawaongezea nyama bila kuombwa. Nyama ilikuwa nzuri. Pilau ilibaki mbaya.

Hoteli ya pili mchele ulikuwa umeshikana mpaka ukachotwa kwa vipande. Leticia aliinamisha kichwa, akafumba macho, akakiombea chakula kimyakimya, kisha akasahau akasema "Amina, katika jina la Yesu" kwa sauti. Mhudumu aliyekuwa akiweka kachumbari akamtazama, akaitazama nikabu, akaiweka kachumbari taratibu na kuondoka kinyumenyume.

"Umeona unavyotuumbua!" Zuleha alimfinya.

"Chakula lazima kiombewe. Hiki hasa."

"Na sahani umeimaliza. Unaonja au unakula?"

"Naonja kwa makini."

Mwanamkasi alicheka mpaka machozi yakalowesha nikabu. Alicheka kwa kuchekeshwa, na pia kwa kuwa Ijumaa ilikuwa karibu na mpishi hakuonekana.

Hoteli ya tatu ilisifika mji mzima kwa pilau. Nyuma ilikuwa na chumba kidogo cha wanawake, kimezibwa kwa pazia la maua. Wakakaa pembeni, wakaletewa sahani zao. Mwanamkasi akaingiza tonge chini ya nikabu, akatafuna, akasita. Hii ilikuwa pilau. Mchele umeachana, bizari imekaa mahali pake, na chumvi ni ileile ambayo ulimi unaingoja.

"Huyu," alinong'ona. "Huyu ndiye."

Lakini badala ya kufurahi, alilirudisha tonge la pili sahanini. Kumpata mpishi kulimaanisha yale maneno ya baadaye yamefika.

Pazia likafunguliwa, akaingia Bi Saleha.

Alikuwa na mkoba wake mweusi na kanga ile ya kutokea. Zuleha alikanyaga mguu wa Leticia. Leticia alikanyaga mguu wa Mwanamkasi. Bi Saleha aliwasalimu kwa jumla, "Assalaam alaikum," wao wakaitika kwa kunong'ona, naye akakaa meza ya jirani, mgongo wa kiti chake unagusa kiti cha Mwanamkasi. Akaagiza pilau.

Mhudumu alipoleta sahani alivuta hewa, akatabasamu upande wa wale watatu. Wanawake wawili kwenye meza ya mlangoni walikuwa wameshaanza kunong'onezana na kuonyeshana kwa macho. Chumba kizima kilijua kuna bi harusi. Bi Saleha, aliyeisaga singo ile kwa mkono wake na kuipaka kwa mkono wake, alikuwa ameketi karibu kuguswa na bega la Mwanamkasi, wala hakugeuka.

Mwanamkasi akaelewa kabla hajaambiwa. Shangazi yake hasikii harufu yoyote.

Bi Saleha alikula kijiko kimoja, kingine, akatazama mbele kama mtu anayesubiri kuitwa. Kisha akageuka.

"Samahani, mwanangu," alimwambia Mwanamkasi, taratibu. "Nina shida ndogo. Nionjee sahani hii. Chumvi imekaa sawa? Bizari je?"

Mwanamkasi hakuthubutu kutoa sauti. Sauti yake angeijua.

"Usinishangae," Bi Saleha akaendelea. "Mimi ni mpishi. Lakini tangu yale mafua, pua imekufa na ulimi umekufa. Natia nikikisia tu. Nawauliza watu kwetu, wote wananiambia tamu, na mimi nawaona wakitafuta maji. Nimekaa nalo hilo kifuani mwaka mzima. Sasa ninaye mwanangu anaolewa Ijumaa, na siwezi kumtia aibu mbele ya wakweze. Namtafutia mpishi wa kunishikia nafasi. Wewe hunijui, huna haja ya kunificha. Niambie kweli."

Zuleha aliinama akaikodolea macho sahani yake. Leticia alikuwa analia waziwazi chini ya nikabu ya watu.

Mwanamkasi akanyoosha mkono, akachota katika sahani ya shangazi yake, akala. Akaipandisha nikabu.

"Chumvi iko sawa, Shangazi," alisema. "Bizari iko sawa. Ya kwako ya zamani ilikuwa tamu kuliko hii. Ya mwaka huu mbaya."

Bi Saleha aliweka kijiko mezani kwa kishindo. Kwanza ikaja hasira, kwa kuwa hasira ndiyo iliyokuwa karibu.

"Wewe! Bi harusi! Hotelini! Na hawa ni nani? Zuleha, fungua huo uso nikuone! Leticia, nani kakuvika hilo vazi kinyume?"

"Shikamoo, Shangazi," Leticia alisema, kamasi zinamtoka.

"Marahaba ya nini?" Akamgeukia Mwanamkasi tena, na sauti ikapungua. "Una singo yangu mwilini."

"Ninayo."

"Inasikika?"

"Shangazi, dereva wa bajaji ametupongeza. Mpishi wa kule ametoka jikoni kutupongeza."

Bi Saleha akashika bega la Mwanamkasi, akaliinamia, akavuta pumzi ndefu. Hakupata kitu. Akacheka kidogo, na katikati ya kicheko macho yakamjaa.

"Ulijua siku zote?"

"Nilijua pilau. Pua sikuijua. Nilikuwa nakuogopea, Shangazi, nisije nikakuumiza."

"Umeniumiza uliponisifu," Bi Saleha alisema. "Mtu mzima akidanganywa na nyumba yake mwenyewe, anabaki na nani?"

Mwanamkasi aliushika ule mkono, mkono mgumu wa kushika mwiko, akaulaza kwenye shavu lake. Wakakaa hivyo mpaka wanawake wa meza ya mlangoni wakapiga vigelegele, wakidhani labda ndiyo sherehe yenyewe.

Aliyewahi kusema alikuwa Leticia. "Basi huyu mpishi wa hapa tumwite au tusimwite? Maana mimi naona mikono ya Shangazi ni mizima. Kilichoharibika ni ulimi tu, na ndimi hapa zipo."

"Wako haufai," Zuleha alisema. "Wako unasema kila kitu kitamu."

Bi Saleha alijipangusa macho kwa ncha ya kanga. Alimtazama Mwanamkasi. "Wako," alisema. "Ukinidanganya nitajua usoni mwako."

Mpishi wa hoteli hakuitwa.

Ijumaa asubuhi nyumba ilijaa. Uani majiko ya kuni yalikuwa yamewashwa, nyama imeshaiva kwenye masufuria makubwa, na chumbani Mwanamkasi alikuwa ameketi kitandani, hina na wino mweusi wa piko vimemfika viwikoni, hawezi kugusa kitu. Mashangazi wa Sabiri walikuwa wamewahi kufika kutoka Tongoni, wamekaa mkekani kila mmoja na macho yake.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Saleha, moshi umemkaa kwenye kanga. Leticia alikuwa nyuma yake na bakuli la supu ya pilau, ile inayoonjwa kabla mchele haujatiwa, kwa maana mchele ukishaingia chumvi hairekebishiki.

"Mashaallah!" shangazi mmoja wa Sabiri alisema hata kabla ya bakuli kufika. "Harufu hii tu inashibisha. Hii haina la kuongezwa."

"Haina kabisa," wengine wakaitika.

Bi Saleha hakuwatazama. Alimtazama Mwanamkasi. Leticia akapoza kijiko kwa pumzi, akamlisha.

Chumvi ilikuwa pungufu. Mwanamkasi aliisikia hapohapo, na akayasikia pia macho yote ya Tongoni usoni mwake. Kumkosoa shangazi siku ya harusi, mbele ya wakwe, mbele ya mji! Neno "tamu" lilikuwa limeshafika ncha ya ulimi, jepesi, lenye adabu.

"Chumvi bado, Shangazi," alisema. "Bizari inatosha."

Shangazi mmoja wa Sabiri akavuta kanga kinywani.

Bi Saleha alinyooka. Uso wake wote ukafunguka, ukawa ule wa miaka ya Mwanamkasi kukalia kinu, na akacheka kwa sauti ambayo uani waliisikia. "Mmesikia?" aliwaambia wageni. "Huyo nimemlea mimi." Akatoka kwa haraka, na wakamsikia akipiga kelele aletewe chumvi.

Alirudi na bakuli la pili, safari hii amelishika mwenyewe. Akamlisha mwenyewe. Mwanamkasi alionja polepole, akafumba macho, na utoto wake wote ukamjia kinywani. Chozi likamtoka, Zuleha akalidaka kwa kitambaa kabla halijaharibu wanja.

"Enhe?" Bi Saleha aliuliza. "Sema kweli."

"Tia mchele, Shangazi."